"Sikukusudia kuua" si utetezi kamili Uingereza

Kila kesi ya mauaji ya Uingereza ikitajwa, hukosi mtu wa kusema: "Hakutaka amuue, kwa hiyo si kuua kwa kukusudia." Si kweli, na nadhani jina lenyewe la Kiswahili la kosa hili, "murder" kwa Kiingereza, linatuponza. Tukisikia "kukusudia" tunadhani kilichokusudiwa lazima kiwe kifo.

Kosa hili lina pande mbili, tendo na nia. Upande wa tendo niupite haraka: kuua binadamu isivyo halali, na kifo kiwe kimetokana na tendo la mshtakiwa. Sharti la kufa ndani ya mwaka na siku moja lilifutwa 1996.

Penye utata ni nia. Nia ovu ya kisheria haihitaji chuki, wala mpango wa siku tatu. Nia ya papo hapo inatosha. Tena ni nia ya mojawapo kati ya mambo mawili: kuua, au kusababisha madhara makubwa ya mwili. Mtu achukue nondo, amvunje mwenzake miguu yote miwili ili asitembee tena. Damu inaganda, inapanda kwenye mapafu, majeruhi anakufa siku ya tisa. Hata kama mpigaji alitaka aishi akiwa kilema, hilo ni kosa la kuua kwa kukusudia, na adhabu ya lazima ni kifungo cha maisha. Msimamo huu uko wazi tangu kesi ya Vickers, 1957, na Malodi, waliokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, waliuthibitisha katika kesi ya Cunningham. Kenya nayo, kifungu cha 206 cha Kanuni ya Adhabu kinataja nia zote mbili.

Na asiyetaka madhara ila alijua yatatokea? Kesi ya Woollin, 1998: juri, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, inaweza kuona nia ikiwa kifo au madhara makubwa yalikuwa karibu hakika, na mshtakiwa alilijua hilo. Kujua kwamba "huenda" hakutoshi; hapo tunaingia kwenye kuua bila kukusudia. Je, kujua huko ndiyo nia yenyewe, au ni ushahidi wa nia tu? Mahakama ya Rufani mwaka 2003 ilisema ni ushahidi. Mimi bado sijaridhika, kwa sababu haielezi juri ipime nini zaidi ya hapo.

Na aliyetaka kuvunja miguu kubeba jina moja na aliyetaka kuua, hilo nalo linanisumbua. Tume ya Sheria, chombo kinachopendekeza marekebisho ya sheria huko, ilipendekeza 2006 mauaji yagawanywe madaraja. Bunge halikufanya hivyo.