PCOS: siku zinapopotea miezi miwili, mitatu

Wagonjwa wengi wa PCOS, hali ya homoni inayofanya mayai yasipevuke kwa wakati na hedhi kuvurugika, hufika kwangu na karatasi ya ultrasaundi mkononi, na tayari wameshaambiwa mtaani kwamba wana uvimbe kwenye mayai na hawatazaa. Huwa nawaonyesha zile nukta nyeusi zilizojipanga pembezoni mwa ovari kama shanga. Kila nukta ni kijifuko chenye yai changa lililoanza kukua likasimama njiani. Hakuna uvimbe wa kukatwa, na hakuna kitu cha "kusafisha kizazi". Mayai yapo, ila hayapevuki kwa wakati.

Picha peke yake hainitoshi. Kwa mwanamke mzima natafuta dalili mbili kati ya tatu: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume kuzidi (ndevu kidevuni, chunusi sugu, au kipimo cha damu), na ovari zenye vijifuko vingi. Kabla ya kusema ni PCOS, napima ujauzito, thairoidi (tezi ya shingoni) na prolaktini (homoni ya maziwa), maana navyo huvuruga siku.

Sasa yule anayeniambia, "Daktari, mimi sitafuti mtoto, acha tu zisije." Huyu ndiye hunitia wasiwasi zaidi. Yai lisipopevuka, projesteroni, homoni inayotoka baada ya yai kupevuka, haitengenezwi, na ukuta wa mji wa mimba unaendelea kunenepa bila kumwagika. Ukiachwa hivyo kwa miaka, seli zake zinaweza kugeuka saratani. Kwa hiyo asiyepata hedhi kwa siku 90 na hana mimba, kwa kawaida nampa vidonge vya projestini (dawa inayofanya kazi kama projesteroni) siku 10 hadi 14 ili ukuta ule utoke. Kwa muda mrefu kuna vidonge vya majira au kitanzi chenye homoni. Vidonge vya majira haviharibu kizazi, ingawa mwenye shinikizo la damu au kipandauso cha kuona vimulimuli namtafutia njia nyingine. Na asiyetaka mimba ajikinge: yai hupevuka hata mwezi usioutarajia.

Kwa anayetafuta mtoto, kwanza namwita mume apime mbegu. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona wanawake wakimeza dawa mwaka mzima huku mwenzao hajawahi kupimwa. Mwenye uzito mkubwa, kupunguza asilimia 5 tu, yaani kilo 4 kwa mwenye kilo 80, kunaweza kurudisha upevukaji, kwa kuwa insulini ikishuka ovari nazo hupunguza homoni za kiume. Wembamba pia hupata PCOS, wasiambiwe "punguza mwili".

Dawa ya kupevusha yai ninayoanza nayo ni letrozoli, kwa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko. Utafiti wa Marekani uliotoka 2014, wenye wanawake 750, ulionyesha asilimia 27.5 ya waliotumia letrozoli walijifungua, dhidi ya 19.1 kwa klomifeni, dawa nyingine ya kupevusha yai. Metformini, dawa ya kisukari, husaidia upande wa insulini, ila kwa kupevusha yai peke yake ni dhaifu kuliko letrozoli.

Kuna kipimo kimoja kinaliza watu bure: projesteroni ya "siku ya 21". Kinamfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 40 yai lake hupevuka karibu na siku ya 26, hivyo siku ya 21 majibu lazima yawe chini, naye anaambiwa hapevushi. Apimwe siku ya 33 hivi, wiki moja kabla ya hedhi inayotarajiwa. Vile vijiti vya mkojo vya kutafuta siku ya yai navyo hudanganya, kwani homoni ya LH wanayoitafuta, ambayo kawaida hupanda yai linapokaribia kutoka, kwa wengi wenye PCOS iko juu muda wote. Mume na mke wakutane kimwili kila baada ya siku 2 au 3, inatosha.

Letrozoli ikishindwa, kuna sindano za homoni, upasuaji mdogo wa ovari kwa kamera, kisha IVF (kurutubisha yai maabara). Ila kabla ya yote hayo napima sukari kwa kinywaji cha glukosi gramu 75, kwa sababu kisukari cha ujauzito huwapata zaidi wenye PCOS, na ni bora tujue hali ya sukari kabla mimba haijaingia.