Panga tabaka moja kwa mkono kwanza, roboti baadaye

Wiki hii nimepigiwa simu mara mbili, na swali ni lile lile: "Fundi, roboti ya kupanga mizigo kwenye paleti ni bei gani?" Mmoja anatengeneza sabuni upande wa Changamwe, hapa Mombasa, mwingine ana kinu cha unga Miritini. Wote niliwarudishia swali ambalo najua linaudhi: tabaka lako moja limepangwaje? Kimya kidogo, kisha: "Si ni kupanga tu, jamani?"

Lau ingekuwa kupanga tu, ningeuza mikono ya chuma kama watu wanavyouza feni Mwembe Tayari. Katika kazi hii mkono wenyewe, ule mkubwa wa manjano au wa chungwa ambao kila mgeni wa kiwanda hutaka kupiga nao picha, ndio unaonipa taabu kidogo kuliko vyote. Taabu iko kwenye kiganja, yaani kile chombo cha kushikia kinachofungwa mwisho wa mkono. Na kiganja hakichaguliwi kwenye katalogi. Kinachaguliwa na jinsi mzigo unavyolala.

Tuanze na katoni, maana ndizo rahisi kuchora. Chukua katoni ya sentimita 40 kwa 30, na paleti, lile jukwaa la mbao la kubebea mizigo, ya 120 kwa 100. Ukizilaza zote upande mmoja zinaingia 9, na ubavuni panabaki sentimita 10 bure. Ukizigeuza zote zinaingia 8. Sasa changanya: mstari mmoja wa katoni 4 zikielekeza urefu wao ndani, halafu mistari miwili ya katoni 3 zikilala kwa urefu. 40 na 30 na 30 ni 100. Zimeingia 10, na hata unyasi haupiti katikati.

Huo mpango una siri moja: una mistari. Kila mstari unavuka paleti kutoka ukingo hadi ukingo, kwa hiyo kiganja kipana kinaweza kubeba mstari mzima kwa safari moja. Tabaka la katoni 10 linakwisha kwa safari 3. Kama ukanda wako, ule mkanda unaoleta katoni kwa roboti, unatoa katoni 20 kwa dakika, hizo ni safari 6 tu, sekunde 10 kila moja, mkono unatembea kama mtu anayekwenda sokoni asubuhi. Ukibeba moja moja, ni sekunde 3 kwa safari: shika, inuka, geuka, weka, rudi. Mikono ya kukimbia hivyo ipo, lakini unaichosha bila sababu, na katoni ikipinda kidogo kwenye ukanda huna muda wa kuirekebisha.

Hapa ndipo watu huniuliza kuhusu kobot, ile roboti ndogo inayofanya kazi kando ya watu bila uzio mzito. Naipenda. Lakini kobot nyingi za kazi hii hubeba kati ya kilo 20 na 30, na uzito wa kiganja umo humo humo. Katoni ya kilo 12, mstari wa nne, tayari ni kilo 48 kabla hujahesabu chuma cha kushikia. Kwa hiyo kobot itabeba moja, pengine mbili kwa kujikaza. Ukanda wako ukitoa katoni 6 au 7 kwa dakika, ichukue na uridhike. Ukitoa 20, tafuta mkono mkubwa wa viungo vinne. Viungo vinne vinatosha: mzigo hauhitaji kuinamishwa, unainuliwa, unasogezwa, unazungushwa na kuwekwa. Viungo sita ni vya mwenye kazi nyingine, kwa mfano kutoa katoni kwenye rafu au kuchanganya bidhaa za kila namna kwenye paleti moja ya duka. Hiyo ya kuchanganya ina kamera na programu yake, na si kazi ya mtu anayeanza.

Kuna mpango mwingine ambao mafundi wa maghala wanaupenda kwa macho, nami nauita wa feni: mafungu manne yanazunguka tundu la katikati, kila fungu limegeukia kwake, kama mapanga ya feni. Ni imara, na wakati mwingine ndio pekee unaokubali vipimo vya katoni yako. Lakini hakuna mstari unaovuka paleti. Kiganja cha mstari hakina cha kushika. Utabeba moja moja au mbili mbili, kila moja kwa pembe yake, na kasi inashuka. Nimeona mtu akinunua kiganja cha katoni nne kwa pesa nyingi, halafu timu ya mauzo ikabadilisha katoni, na mpango uliobaki ukawa wa feni. Kiganja sasa kinabeba katoni moja na nafasi tatu zinapunga upepo.

Kosa langu mwenyewe nalo nilisimulie. Kiwanda kimoja cha biskuti, sikitaji, nilikipangia ule mpango wa katoni 10, na nikageuza kila tabaka nusu mzunguko ili katoni zipishane kama mawe ya ukutani. Fundi yeyote wa nyumba atakwambia viungo visifuatane. Paleti zilitoka zimenyooka, nyapara akazipiga kofi, hazikutikisika. Kisha kusi likaingia, mvua za masika zikashika, na godauni likawa na unyevu wa kulowesha shati. Paleti zilikuwa zimebebana mbili mbili. Wiki ya tatu nikaitwa: katoni za chini zimebonyea, biskuti zimekuwa unga.

Katoni si jiwe. Nguvu yake ya kubeba iko zaidi kwenye pembe zake nne za wima, na ukuta wa katikati hujikunja tu. Ukizipishanisha, pembe ya juu inakanyaga ukuta laini wa chini, na waweza kupoteza hata nusu ya nguvu ya kubeba. Tena karatasi ya katoni hunywa maji ya hewa: iliyokaa kwenye unyevu wa asilimia 90 hubaki na karibu nusu ya nguvu iliyo nayo kwenye asilimia 50. Nusu ya nusu. Kwa mji wa bara mkavu huenda ningeponea. Hapa kwetu, Aprili na Mei, sikuponea.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa programu. Sikupunguza hata katoni moja: niliacha kugeuza matabaka, yote yakafuata mchoro ule ule ili pembe zisimame juu ya pembe kama nguzo, na tabaka la mwisho pekee nikaligeuza lifunge kichwa. Juu ya tabaka la tatu tukaweka karatasi ngumu, kisha nailoni ya kuzungushia. Roboti ni bora kuliko mkono wa mtu kwa nguzo, kwa sababu pembe zikikosana kwa sentimita moja faida inaanza kuvuja, na mchana wa saa nane mtu aliyechoka hupotoka zaidi ya hapo. Ila roboti huweka sawasawa kile ilichopewa. Katoni ikifika imepinda kwenye ukanda, itawekwa imepinda, kwa usahihi mkubwa.

Magunia ni dunia nyingine. Kiswahili kimenichekesha hapa: kazi ya roboti ni kubeba marobota, na robota la unga la pakiti 12 za kilo mbili mbili ni kilo 24, laini, linaloteleza, lisilo na pembe ya kusimamia. Nguzo ya marobota hukaa mpaka lori lifike tuta la kwanza. Hapa kupishana ni lazima. Mfuko wa saruji wa kilo 50 vilevile: ukiwa umesawazishwa ukawa karibu 60 kwa 40, unaingia mitano kwenye paleti ya 120 kwa 100, mitatu imekingama na miwili imelala kwa urefu, na tabaka la juu limegeuzwa. Matabaka manane ni mifuko 40, tani mbili.

Vikombe vya kunyonya ambavyo huinua katoni vizuri havifai kila mfuko. Gunia la plastiki lililofumwa linavuja upepo kama kikapu, na vumbi la saruji linaziba vichujio. Tena stima ikipotea, na hapa hupotea, kilichonyonywa kinaanguka. Kwa magunia natumia kiganja cha uma: vidole vinapita kati ya rola za ukanda, vinalikumbatia gunia kutoka chini, na juu kuna bamba la kulibana. Stima ikikatika, linabaki limekumbatiwa.

Sasa tazama vidole hivyo vikifunguka. Ili gunia lishuke, vidole lazima vitoke chini yake, na vikitoka vinahitaji nafasi pembeni. Siku ya majaribio kwenye bohari moja Shimanzi niliipangia roboti mifuko mitatu ya mstari hivi: wa kushoto, wa kulia, kisha wa kati. Kwenye skrini ilipendeza. Ule wa kati ulipofika, vidole vikagonga majirani wote wawili, mkono ukasimama, kengele ikalia. Mzee mmoja mchukuzi aliyekuwa ameketi juu ya magunia yake akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mwanangu, la kati haliwi la mwisho. Ukiliacha mwisho utalipiga teke liingie."

"Kweli, Ami. Na mdomo wa gunia?"

"Mdomo ndani. Likipasuka, limwagikie kwa mwenyewe."

Nilibadilisha mpangilio: anza ukingo mmoja, endelea kuelekea upande ulio wazi, vidole vifungukie huko, na gunia lifike kwa mshazari kisha lisukumwe kidogo limbane jirani yake. Midomo yote ikaelekea ndani. Kengele haikulia tena jioni hiyo. Ami alidai chai, nikalipa.

Kuna wakati jibu si roboti kabisa. Ukifunga maji ya chupa au soda kwa kasi kubwa, bidhaa moja mwaka mzima, ile mashine ya zamani inayosukuma mistari mezani mpaka tabaka litimie kisha ikalishusha zima, itaipita roboti yoyote ya mkono mmoja. Ni kubwa na haipendi kubadilishiwa saizi, lakini inakula kazi. Mikono inayotembea juu ya reli kama kreni za bandarini nayo ipo, inafaa pale kanda nyingi za polepole zinapohudumiwa na mkono mmoja. Sijaifunga mara nyingi.

Na paleti zenyewe. Roboti huamini kila paleti ina kimo kile kile. Paleti zetu nyingi hugongwa kwa mbao za mabaki, moja imeinuka sentimita mbili, nyingine ina msumari umetoa kichwa kama kobe. Nimezirudisha zaidi ya nilivyorudisha vihisi vibovu. Ukisafirisha nje, mbao lazima ziwe zimetibiwa, kwa kawaida kwa kupashwa joto la nyuzi 56 hadi kiini kwa dakika 30, na kugongwa muhuri, kwa hiyo utanunua za maana tu. Nunua hizo hizo kwa roboti pia.

Yule wa Changamwe ameahidi kuniletea Jumatatu katoni tatu tupu, paleti moja anayotumia kila siku, si ile mpya ya maonyesho, na picha ya lori likiwa limepakiwa. Nimemwambia azilaze hizo katoni godaunini usiku kucha kwanza, wazi, zinywe hewa.