Yungiyungi halielei: dhana potofu kuhusu kulipanda bwawani

Yungiyungi la buluu (Nymphaea nouchali, aina ya caerulea) ni mmea wa asili wa Afrika, na huku Mashariki unaukuta kwenye mabwawa, madimbwi ya msimu na ghuba tulivu za maziwa. Anayelipanda nyumbani akashindwa, mara nyingi amelichukulia kuwa mmea wa maji tu. Yungiyungi ni mmea wa tope. Maji ni blanketi lake tu.

Dhana: Linaelea, kwa hiyo litupe tu majini.

Kinachoelea ni majani. Chini kuna kiazi kilichoshika tope, na kila jani limeunganishwa nacho kwa kikonyo kirefu. Kiazi kisicho na pa kushika hutoa vijani viwili vitatu kwa akiba yake, kisha huoza.

Tafuta beseni au ndoo pana ya lita 15 hadi 20. Upana ni muhimu kuliko kina, usipungue sentimita 35. Jaza udongo, ushindilie kwa mkono, uloweshe hadi uache kutoa mapovu. Fukia kiazi huku jicho lake, yaani sehemu inayochipua, likichungulia juu. Ukilizika jicho, litaoza. Tandaza kokoto zilizooshwa, unene wa sentimita 2, bila kulifunika jicho. Shusha chombo polepole, maji yawe sentimita 10 hadi 15 juu ya udongo. Majani matatu au manne yakishafika juu, kiteremshe hatua kwa hatua hadi sentimita 30 hadi 60. Ukikizamisha siku ya kwanza, mmea mchanga utamaliza akiba yake kabla ya kuliona jua. Jua lenyewe lisipungue saa sita kwa siku, la sivyo utapata majani bila maua.

Dhana: Udongo mwepesi wenye samadi na mboji ndio bora.

Hili ndilo kosa linaloharibu mabwawa mengi. Shambani samadi ni neema. Chini ya maji inaoza bila hewa, inatoa gesi yenye harufu ya mayai viza, na mizizi inageuka myeusi. Virutubisho vyake vinavujia majini, mwani unavila, na baada ya siku chache bwawa zima ni kijani. Mboji nayo ni nyepesi: huelea na kuchafua maji.

Tumia udongo mzito wa mfinyanzi au tifutifu lenye mfinyanzi mwingi, usio na takataka wala dawa za shambani. Mfinyanzi hushikilia virutubisho hapo mizizi ilipo. Mbolea iwe ya vidonge vinavyoyeyuka polepole: kidonge cha gramu 10 kwa kila lita 5 za udongo, kila baada ya wiki nne hadi sita, kisukumwe kwa kidole sentimita 8 ndani, mbali kidogo na jicho, kisha tundu lizibwe. Kamwe usinyunyize mbolea majini. Utakuwa unalisha mwani.

Dhana: Maji yanayorushwa juu hulifurahisha.

Jani la yungiyungi hupumua kupitia vitundu vilivyo upande wake wa juu, tofauti na mimea mingi ya nchi kavu. Likirushiwa maji kutwa, hudhoofika na kuoza. Liweke mbali na bomba na mkondo.

Dhana: Ni ndugu wa gugumaji, litaziba kila kitu.

Si ndugu. Gugumaji limetoka Amerika Kusini, linaelea kweli, vikonyo vyake vimevimba kama vibofu, na huzaana kwa vichipukizi vinavyosafiri. Jani la yungiyungi ni bapa lenye mpasuko hadi kwenye kikonyo. Majani yakifunika zaidi ya nusu ya bwawa, punguza yaliyozeeka kwa kuyakata karibu na kiazi. Usiyategemee yaongeze oksijeni majini: yanaitoa hewani. Kazi hiyo ni ya mimea iliyozama.

Dhana: Linaleta mbu.

Mbu huletwa na maji yaliyotuama yasiyo na wa kula viluwiluwi. Weka samaki wadogo. Perege hawafai kwenye bwawa dogo, maana huchimba na kung'oa. Vidukari wakivamia majani, yazamishe kwa muda ili samaki wawale. Dawa ya wadudu itaua samaki wako.

Lenye hatari zaidi ni kuchukua kiazi kwenye bwawa ambalo watu huoga au kujisaidia, kwani huko huenda kuna kichocho. Vaa buti na glavu ndefu, na ukague migongo ya majani uondoe konokono na mayai yao yanayofanana na ute.

Dhana: Ua likijifunga alasiri limekufa; majani yakiisha kiangazi mmea umekufa.

Ua hufunguka asubuhi, hujifunga alasiri, na hurudia hivyo siku tatu au nne kabla ya kuzama kukomaza mbegu. Kiangazi, madimbwi yanapokauka, kiazi husinzia ndani ya tope. Chombo chako kikibaki bila jani, kikande kiazi: kikiwa kigumu, acha udongo uwe na unyevunyevu na usubiri mvua. Kikibonyea na kunuka, kitupe.