Protandria: konokono wa baharini wanaoanza madume na kuishia majike

Protandria ni hali ya mnyama kukomaa kwanza akiwa dume, kisha akizidi kukua akageuka jike. Kwa baadhi ya konokono wa baharini haya ndiyo maisha ya kawaida, wala si kasoro. Kinachostaajabisha zaidi ni viungo vyenyewe: vinajengwa, vinavunjwa, na vingine vinajengwa ndani ya mwili uleule.

Mfano mzuri ni Crepidula fornicata, mwenyeji wa pwani ya Atlantiki ya Amerika Kaskazini. Huanza akiwa lava, yaani mtoto mchanga anayeelea majini, kisha akatua na kujibandika, mara nyingi juu ya gamba la mwenzake. Hivyo hukaa wengi, mmoja juu ya mwingine: chini majike wakubwa, juu madume wadogo. Uume wa dume huota upande wa kulia, nyuma ya kichwa, nao ni mrefu kiasi cha kumfikia jike aliye chini. Wakati wa kugeuka ukifika, tezi ya uzazi huacha kutengeneza mbegu za kiume, uume husinyaa, na mirija ya kike hukua pamoja na sehemu za kuhifadhi mbegu na kufungia mayai. Tezi ni ileile, ila sasa inatoa mayai. Akishakuwa jike, harudi tena.

Umri peke yake hauamui saa ya kugeuka. Majirani nao wana neno. Katika utafiti uliofanyika Panama na kuchapishwa mwaka 2015, madume wa jamii ya karibu na huyu waliwekwa wawili wawili. Walioruhusiwa kugusana, mkubwa aligeuka jike mapema na mdogo akachelewa, kuliko wale waliotenganishwa na wavu huku wakitumia maji yaleyale. Mguso ulizidi harufu ya majini.

Faida yake ni ya kimahesabu. Mbegu za kiume ni ndogo, hata mwili mdogo huzitoa kwa wingi. Mayai yanadai chakula na nafasi, kwa hiyo mwili mkubwa huzaa zaidi ukiwa wa kike. Mwanabiolojia Michael Ghiselin aliieleza hoja hii mwaka 1969.

Patella vulgata, yule mwenye gamba kama kofia anayeng'ang'ania miamba ya Ulaya, naye huanza dume, lakini hana uume kabisa. Mayai na mbegu humwagwa baharini na kukutana humo, kwa hiyo kinachobadilika ni tezi tu.

Tusichanganye protandria na imposeksi. Hiyo ni jike kuota uume kwa sababu ya sumu, hasa tributiltini iliyotiwa katika rangi za meli ili viumbe visigande. Kiasi kidogo mno kilitosha. Kwa Nucella lapillus, konokono mwingine wa baharini, mrija wa kiume unaoota unaweza kuziba njia ya mayai. Mayai hukwama, na jike hufa. Dalili hizi zilionekana karibu na Plymouth, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ufaransa ilianza kuzuia rangi hiyo kwa vyombo vidogo mwaka 1982, na mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 ukaanza kutumika 2008. Katika fukwe kadhaa walikokuwa wametoweka, Nucella wamerudi na wanazaliana.