Bustani ya Burudani Isiyotimiza Ahadi: Mteja Anadai Nini, na Anadai Vipi

Kila shule zinapofungwa, na hasa mwezi wa Desemba, ofisi kama yetu, zinazopokea malalamiko ya watumiaji, huletewa barua za wazazi waliopeleka watoto kwenye bustani za burudani wakarudi nyumbani wamekasirika. Barua hizo hueleza kwa kirefu jinsi siku ilivyoharibika: foleni, jua kali, chipsi zilizopoa, choo kisicho na maji, mtoto aliyelia njia nzima. Kisichoelezwa popote ni kile ambacho mwenye bustani alikuwa ameahidi. Afisa anayeisoma barua ya namna hiyo humwonea mwandishi wake huruma, lakini hana pa kuanzia. Makala haya yameandikwa ili msimu huu awe na pa kuanzia.

Sheria za Kenya hazipimi furaha. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaostahili, haki ya kupewa habari zinazomwezesha kunufaika nazo, haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa anapopata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ndiyo inayoyafafanua hayo kwa lugha ya shughuli za kila siku. Kwa hiyo bustani ndogo yenye bembea nne na mtelezo mmoja, iliyosema wazi kwamba ina bembea nne na mtelezo mmoja, si bustani mbaya machoni pa sheria, hata kama mwanao alichoshwa nayo baada ya nusu saa. Mbaya ni ile iliyouza kisichokuwepo, iliyoficha jambo ambalo ungelijua usingelipa, au iliyohatarisha maisha ya waliolipa.

Mfano unaotajwa mara nyingi na wanaofanya kazi hii ni wa Uingereza. Mwishoni mwa Novemba 2008 ilifunguliwa katika eneo la New Forest bustani ya muda iliyoitwa Lapland New Forest, ambayo matangazo yake yaliahidi nchi ya theluji, handaki la taa na uwanja wa barafu wa kutelezea. Familia zilizolipa takriban pauni 30 kwa kila tiketi zilikuta uwanja wa matope, mbwa waliofungwa, na onyesho la kuzaliwa kwa Yesu lililochorwa tu kwenye bango upande wa pili wa shamba. Malalamiko yalifika kwa maelfu na bustani ikafungwa kabla ya wiki kwisha. Waandaaji wawili walihukumiwa kifungo cha miezi 13 kila mmoja mwaka 2011, ingawa hukumu hiyo ilitenguliwa baadaye katika rufaa kwa sababu ya mwenendo wa mmoja wa wazee wa baraza, wala si kwa kuwa matope yalikuwa theluji. Ushahidi uliowafikisha kizimbani haukuwa machozi ya watoto. Ulikuwa ni tangazo lililowekwa bega kwa bega na kilichokuwepo shambani.

Tarehe 24 Februari 2024 jambo kama hilo lilitokea mjini Glasgow, ambako tamasha la watoto lenye mada ya chokoleti liliuzwa kwa tiketi za hadi pauni 35 kwa kutumia picha zilizotengenezwa na akili bandia. Waliofika walikuta ghala karibu tupu, mapambo machache, kasri dogo la upepo (lile la kurukia linalojazwa hewa), na peremende chache kwa kila mtoto. Polisi waliitwa, na shughuli ikafungwa siku hiyohiyo. Hapa kwetu picha za namna hiyo zimeanza kuzoeleka, pamoja na ujanja wa zamani zaidi wa kubandika kwenye tangazo picha ya bustani ya maji iliyoko nchi nyingine. Sheria yetu ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni taarifa ya uongo kutia chumvi, kudokeza kwa fumbo au kutumia lugha yenye utata kuhusu jambo la msingi, na vilevile kulinyamazia jambo hilo, ikiwa kufanya hivyo kunadanganya au kunaelekea kudanganya. Picha ni taarifa kama maneno yalivyo taarifa, na neno “mfano” lililoandikwa kwa herufi ndogo sana pembezoni halimwokoi mwenye tangazo moja kwa moja.

Hata hivyo, wananchi wanaombwa kutofautisha sifa na ahadi. Anayeandika “burudani isiyo na kifani” amejisifu tu, na hakuna hakimu atakayemtuma karani kwenda kutafuta kifani. Anayeandika “mitelezo 6 ya maji, yote wazi kuanzia saa tatu asubuhi” ametoa ahadi inayoweza kuhesabiwa kwa vidole. Tunapokea barua nyingi mno kuhusu aina ya kwanza na chache mno kuhusu ya pili.

Foleni nayo ina hesabu yake. Chukua mchezo unaobeba watu 16, ambao kupakia, kuzunguka na kushusha huchukua dakika 5. Kwa saa moja huenda mizunguko 12, yaani watu 192, endapo hakuna kiti kinachobaki wazi wala mkanda unaokataa kufunga. Bustani ikiuza tiketi 1,500 za siku moja kwa kuutangaza mchezo huohuo, itahitaji karibu saa 8 kumpandisha kila mtu mara moja tu. Mwenye bustani anaijua hesabu hii kabla hajafungua lango, kwa kuwa uwezo wa mtambo umeandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Foleni ndefu pekee si kosa, maana hata Disneyland, ilipofunguliwa California tarehe 17 Julai 1955, ilifurika watu wenye tiketi bandia na mabomba ya maji ya kunywa yakawa makavu kwa sababu ya mgomo wa mafundi. Lakini foleni ambayo muuzaji aliiona ikija akaendelea kuuza tiketi za “michezo yote” ni hoja ya kweli, na mlalamikaji anayeandika saa aliyoingia kwenye mstari na saa aliyofika mbele ametusaidia kuliko anayeandika kurasa tatu za uchungu.

Kuhusu michezo iliyofungwa, ni lazima tuseme wazi: mchezo uliofungwa kwa hitilafu ni dalili ya bustani inayofanya kazi yake. Tarehe 2 Juni 2015, katika bustani ya Alton Towers nchini Uingereza, mfumo wa kompyuta ulisimamisha magari ya mchezo wa Smiler kwa sababu gari moja lilikuwa limekwama kwenye reli. Mafundi waliamini kwamba hapakuwa na gari, wakaupuuza mfumo na kuruhusu gari lenye abiria liendelee. Watu 16 walijeruhiwa, wanawake wawili kati yao wakakatwa mguu, na kampuni mama ilitozwa faini ya pauni milioni 5 mwaka uliofuata. Anayemfokea kijana wa lango ili mtambo ufunguliwe hajui anachokiomba. Dai lake halali liko kwenye dirisha la tiketi: je, aliambiwa kabla ya kulipa kwamba mchezo ule haufanyi kazi leo? Kama hakuambiwa, na mchezo ule ndio uliotangazwa, ana haki ya kurejeshewa pesa au sehemu yake. Kama bango lilikuwepo dirishani naye akalipita, hana.

Fito la kupimia urefu halijadiliwi. Kila mwaka wapo wazazi wanaowavisha watoto viatu vya soli nene, au wanaowaambia wasimame kwa vidole, kisha hutuandikia kwamba mtoto “amebaguliwa”. Kizuizi cha chuma kinachomshikilia abiria kitini kimetengenezwa kwa kifua cha mtu wa urefu fulani, na mtoto mfupi huteleza chini yake. Linalokubalika kama lalamiko ni kuuziwa bangili ya michezo yote kwa mtoto ambaye muuzaji alimwona kwa macho yake kuwa hatafikia alama hata moja.

Dhana mbili zinazopingana hutuchosha kwa kiwango kilekile. Ya kwanza ni kwamba bango la “Pesa hazirudishwi” limemaliza kila kitu. Halijamaliza. Sheria ya mwaka 2012 inachukulia kwamba mtoa huduma amehakikisha ubora unaostahili, na haki za mtumiaji zilizomo humo hubaki hata kama umetia saini karatasi ya kuzikana. Bango la “Utaingia kwa hatari yako mwenyewe” nalo husomwa pamoja na Sheria ya Dhima ya Wamiliki wa Majengo, Sura ya 34, inayomtaka mwenye eneo kuchukua tahadhari ya kawaida kwa wageni wake, kutarajia kwamba watoto huwa hawajihadhari kama watu wazima, na kutotegemea onyo pekee ikiwa onyo hilo halikutosha kumfanya mgeni awe salama. Kasri la upepo lililofungwa kwa kamba mbili kwenye mti wa mchungwa halisalimishwi na bango. Kiwango cha Ulaya cha EN 14960 kinadai angalau nguzo 6 za kulishikilia kasri ardhini na kinakataza lisitumike upepo unapozidi kilomita 38 kwa saa. Mzazi anaweza kuzihesabu nguzo hizo kabla mtoto hajavua viatu.

Dhana ya pili ni kwamba kila kutoridhika hulipwa. Mvua ikinyesha kwenye bustani ya wazi ambayo haikuahidi hifadhi, hakuna atakayelipa. Wapo pia wanaokimbilia kutuma ujumbe wa malipo kwa nambari 456 ili M-Pesa irejeshe pesa baada ya kukaa bustanini nusu siku. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya pesa zilizotumwa kimakosa. Haukuwekwa kwa chipsi zilizopoa, na kuutumia hivyo kunaweza kukugeuza wewe kuwa mlalamikiwa.

Sasa utaratibu wenyewe, nao ufuatwe kwa mpangilio. Kabla ya kusafiri, piga picha ya skrini ya tangazo lote, pamoja na tarehe na jina la ukurasa, kwa sababu matangazo ya aina hii hufutwa jioni ya siku ileile watu wanapoanza kulalama. Lipa kwa nambari ya tili au ya malipo badala ya pesa taslimu, na uutunze ujumbe wa uthibitisho. Ujumbe huo una jina la aliyepokea, nalo mara nyingi si jina lililo kwenye lango. Hapo ndipo madai mengi hukwama: mteja anaishtaki “bustani”, ilhali bustani ni jina la biashara lililosajiliwa na mtu binafsi, au kampuni yenye jina tofauti kabisa. Ulizia usajili kupitia jukwaa la eCitizen, kisha uandike dai kwa jina la mtu huyo, anayefanya biashara kwa jina fulani. Ukiwa bado bustanini, mwone msimamizi, umweleze kasoro na unachotaka, kisha umtumie maneno hayohayo kwa ujumbe wa simu ili pawe na kumbukumbu yenye saa.

Usiporidhika, andika notisi ya kuvunja makubaliano kwa sababu ya mwenendo usio wa haki. Notisi hiyo itolewe ndani ya mwaka mmoja tangu makubaliano yafanyike, na si lazima iandikwe na wakili. Inatosha iseme ulilipa lini, uliahidiwa nini, ulikuta nini, na unadai kiasi gani. Baada ya hapo una njia mbili, na hakuna inayozuia nyingine. Unaweza kuwasilisha lalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo huchunguza taarifa za uongo na za kupotosha chini ya kifungu cha 55 cha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010. Anayepatikana na hatia mahakamani chini ya sehemu hiyo ya sheria anaweza kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka 5, au kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 10, au adhabu zote mbili. Tunaombwa mara kwa mara kueleza mlalamikaji atapata fungu gani la milioni hizo. Hatapata hata senti, kwani faini ni ya Serikali.

Pesa zako mwenyewe unazidai katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inaitaka iamue kesi ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Unaweza kujiwakilisha. Chama au darasa lililokwenda pamoja lihakikishe kila mmoja ana kumbukumbu yake ya malipo. Ikiwa mwalimu mmoja ndiye aliyelipia wote, yeye ndiye mdai.

Kuchapisha hasira mtandaoni si kuwasilisha lalamiko, na kumwita mwenye bustani mwizi kabla mahakama haijasema kumewahi kuwaingiza watu katika kesi wasizozitarajia. Andika ulichokiona, na uweke picha.

Palipo na majeraha, mambo hubadilika, na tiketi huwa jambo dogo. Mpeleke majeruhi hospitalini na uhifadhi kila karatasi ya matibabu, ripoti ajali kwenye kituo cha polisi na uchukue nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), kisha uijulishe Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, kwa kuwa bustani ni mahali pa kazi na mitambo yake iko chini ya uangalizi wa wakaguzi. Piga picha mtambo kabla haujaguswa. Dai la majeraha lina muda wa miaka 3 tangu siku ya ajali, nalo linahitaji wakili mapema zaidi kuliko dai la tiketi.