Kabla ya kuomba tuta, utazame mtaa wenu

Ombi ambalo wahandisi wa barabara hulipokea mara nyingi zaidi kutoka kwa wakazi ni moja: "Tuwekewe matuta." Nyuma yake pana hofu ya kweli. Mara nyingi pana mtoto aliyegongwa au aliyeponea chupuchupu, na hakuna mtaalamu mwenye haki ya kulipuuza. Lakini ukisimama pembeni mwa mtaa huo asubuhi watoto wakielekea shuleni, mara nyingi unakuta mengine yaliyotakiwa kutangulia: mtaro usio na mfuniko, pipa la taka katikati ya njia ya waenda kwa miguu, taa iliyozimika miezi kadhaa. Haya wakazi huyapeleka kwenye idara nyingine, kama kero ya usafi au ya umeme. Kwa anayeshughulika na ajali, ni kero ileile.

Chukua huo mfuniko wa mtaro. Ukivunjika, anayetembea hana pa kukanyaga ila kushuka kwenye lami, apite, kisha apande tena. Mtu mzima hugeuka kutazama nyuma kabla ya kushuka. Mtoto wa miaka saba humfuata mwenzake aliye mbele, basi. Kama hapo pana gari kubwa limeegeshwa, dereva anayekuja hamwoni mtoto huyo mpaka amekwisha kutokeza, kwa sababu kimo chake hakifiki hata dirisha la gari lililomficha. Ndiyo maana karibu na kivuko na kwenye kona hapaegeshwi gari, wala hapawekwi kibanda au bango. Tawi la mti linaloziba alama ya barabarani lina hatari hiyohiyo, na kulikata ni kazi ya dakika chache.

Kuhusu mwendo, nataka kila mkazi ajue hesabu hii, maana ndiyo msingi wa mengine yote. Dereva anayeona hatari huchukua kama sekunde moja kabla mguu wake haujakandamiza breki. Akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, gari limekwisha kusogea karibu mita 14 katika sekunde hiyo. Breki nzuri kwenye lami kavu zitadai mita nyingine kama 14. Akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, safari yote hiyo, tangu kuona mpaka gari kusimama, ni mita 13 hivi. Maana yake mtoto akitokeza mita 13 mbele, dereva wa kwanza atamgonga kabla hata hajaanza kufunga breki, na wa pili atasimama. Mvua ikinyesha au tairi zikiwa zimekwisha, hali ni mbaya zaidi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua kuliko ajali hizo. Mwaka 2020, mawaziri waliokutana Stockholm walitoa azimio la kutaka kikomo kiwe kilomita 30 kwa saa pale ambapo watu na magari huchanganyika. Haya yanawezekana. Jiji la Oslo lilimaliza mwaka 2019 bila mwenda kwa miguu wala mwendesha baiskeli hata mmoja kufa barabarani, baada ya kushusha vikomo vya mwendo na kuondoa maegesho mengi katikati ya jiji.

Je, mtaa wenu magari yanakimbia kweli? Msibishane, pimeni. Wekeni alama mbili pembeni mwa barabara, mita 50 kati yake, na mtumie saa ya simu. Gari linalovuka umbali huo kwa sekunde 6 linakwenda kilomita 30 kwa saa. Likitumia sekunde 3.6, ni kilomita 50. Pimeni magari mengi, kwa saa tofauti, mkiwa mbali na lami na mahali ambapo madereva hawatawashuku. Karatasi yenye vipimo hivyo ina nguvu ofisini kuliko orodha ndefu ya saini.

Sasa tuta lenyewe. Ni kifaa kizuri likijengwa kwa vipimo, likapakwa rangi, likawekewa alama ya kuonya kabla ya kulifikia na mwanga wa kutosha. Matuta yakiachana mbali mno, dereva hukanyaga mafuta katikati yake. Likijengwa bila kufikiria maji, huzuia mkondo na kuzalisha dimbwi, na dimbwi huzaa shimo. Lile ambalo wakazi hulitengeneza wenyewe usiku kwa kifusi, kwa uchungu ninaouelewa kabisa, laweza kumuua mwendesha pikipiki asiyeliona gizani, na humtesa mgonjwa aliye ndani ya gari la wagonjwa. Tafadhali, msifanye hivyo. Mara nyingine kubana kona ili dereva alazimike kupunguza mwendo anapokata, au kupunguza upana wa barabara penye kivuko, hufanya kazi kubwa zaidi, na mahali pa kuanzia panaweza kuwa rangi na nguzo tu.

Taa nayo ina mahali pake. Kwenye kivuko, inafaa iwe kabla ya mistari, upande magari yanakotokea, ili immulike anayevuka kwa upande unaomwelekea dereva. Ikiwa nyuma ya anayevuka, dereva huona kivuli tu. Mnapoomba taa, ombeni na mahali itakaposimama.

Barua inayosema "barabara yetu ni hatari" haimpi fundi pa kuanzia. Linganisha na hii: "Mfuniko wa mtaro mkabala na lango la shule umevunjika. Kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi wanafunzi hushuka barabarani kuupita. Jumatatu iliyopita gari lilifunga breki kwa nguvu na kusimama karibu kabisa na mtoto." Hapo pana mahali, saa, na tukio. Hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu ofisi huwa na kumbukumbu za ajali zilizofika polisi au hospitalini, lakini zile zilizokoswakoswa ninyi peke yenu ndio mnaozijua. Anzisheni daftari, mteue mtu mmoja wa kulitunza, na mwandike tarehe, saa, mahali na kilichotokea. Namba ya gari na jina la dereva havihitajiki, maana lengo ni kurekebisha mahali.

Pelekeni barua kwa mamlaka inayoimiliki barabara hiyo, nakala iende kwa idara ya taa au ya usafi inayohusika, kisha mdai namba ya kumbukumbu na jina la idara iliyoipokea. Marekebisho yakishafanywa, rudieni kupima mwendo kwa alama zilezile na saa zilezile, mpeleke na matokeo hayo, hata kama ni mazuri.