Fenilalanini moja ndani ya CIDRα

Wanaoanza kazi hii ya kulinganisha protini huniuliza swali lile lile: protini mbili zifanane kiasi gani ndipo tuziite ndugu? Badala ya kuwapa asilimia, nawafungulia PfEMP1.

Hii ni protini ambayo kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, huisukuma hadi juu ya chembe nyekundu ya damu kilimojificha. Chembe hiyo hunata kwenye kuta za mishipa midogo, isifike kwenye wengu ambako ingeangamizwa. Kimelea kimoja kina jeni zipatazo 60 za namna hii, na kinga ya mwili ikishaizoea protini moja, kinaleta nyingine.

Ukizilinganisha protini hizi nzima nzima utachanganyikiwa. Zikate kwanza kwenye domeni, yaani vipande vinavyojikunja vyenyewe na kubaki na umbo lake hata ukivitenga na vingine. Utakuta domeni za aina mbili, DBL na CIDR, zimeungwa kwa mpangilio tofauti kila mara. Katika kuzipanga domeni kwa koo, hifadhidata ya Pfam huanzia kwenye mfuatano wa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, na hifadhidata ya CATH huanzia kwenye umbo. Mimi nahitaji zote mbili, na bado hazinitoshi bila kujua domeni inashika nini.

Tazama CIDRα, kundi mojawapo la domeni za CIDR. Ukiipanga mistari yake kwenye skrini, kila herufi ikisimamia asidi amino moja, herufi zinapishana mno, hata ndani ya kundi dogo la CIDRα1. Lakini mwaka 2013 ilibainika kwamba CIDRα1 hushika kipokezi cha EPCR kwenye kuta za mishipa, na vimelea vinavyofanya hivyo vinahusishwa na malaria kali. Watoto wa Tanzania walikuwa miongoni mwa wagonjwa ambao vimelea vyao vilichunguzwa. EPCR ikishazibwa, protini C haifanyi vizuri kazi yake ya kuzuia damu kuganda na kutuliza uvimbe. CIDRα2 hadi CIDRα6, zilizo nyingi zaidi, hushika kipokezi kingine, CD36.

Tofauti hiyo unaiona ukikaribia kabisa. Kwenye CIDRα1 kuna helisi, yaani sehemu iliyojiviringa kama springi, iliyopinda, na fenilalanini moja, mojawapo ya zile asidi amino, imechomoza kutoka kwayo, ikazama ndani ya mfereji wa EPCR. Kwenye zile zinazoshika CD36 mambo yamegeuka: domeni ndiyo yenye shimo, na CD36 ndiyo inayoingiza fenilalanini yake. Nilipoziweka picha hizo mbili bega kwa bega mara ya kwanza, nilikaa kimya muda mrefu. Ukoo ni mmoja, mkunjo ni mmoja, lakini mshiko umepinduliwa.

Kinachonitia moyo ni kwamba kimelea hakina uhuru wote. Herufi nyingi za CIDRα1 zinabadilika, ila umbo la sehemu inayogusa EPCR, na tabia yake ya kukwepa maji, vimehifadhiwa, la sivyo mshiko unapotea. Watafuta chanjo wanapakodolea macho papo hapo. Nami mfuatano mpya ukinifikia mezani, kabla ya kuupa jina lolote, natafuta kwanza ile fenilalanini.